Bomba Bovu Hula Ukuta: Tuliyojifunza Tabora



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza habari za vitalu, palizi na uanikaji wa karafuu. Mara hii twaomba ruhusa tuzungumze habari za nyumba, kwani mkulima halali juu ya mkarafuu. Nyumba nyingi za wanachama wetu, Unguja na Pemba, zina mabomba ya plastiki yaliyotiwa miaka thelathini au arubaini iliyopita, na sasa yanavuja. Watu huyafunga kwa raba ya baiskeli, wakanunua gundi, wakafunga tena, na fedha za karafuu zikaishia hapo.

Sisi tumeliona jambo hili likitengenezwa vizuri na kwa gharama ndogo, tena mbali na kwetu, katika mji wa Tabora. Mwanachama wetu mmoja wa Wete ana shangazi yake aliyeolewa huko tangu ujanani. Aliposikia kuwa tuna safari ya bara mwezi wa Septemba, alituomba tufike tukamjulie hali, maana alipata habari kwamba nyumba ya bibi huyo inaliwa na maji na wajukuu wanataka kuivunja. Twasimulia hapa tuliyoyaona.

NJIA YA MISAFARA

Njia ya kwenda Tabora si ngeni kwa watu wa visiwani. Misafara ya Unguja ilivuka hadi Bagamoyo, ikapanda bara kufuata pembe, na Tabora ndiyo iliyokuwa kituo chake kikubwa kabla ya kufika Ujiji. Waingereza Burton na Speke walipoifuata mwaka 1857 walitembea siku 134 toka pwani. Sisi tulipanda treni ya umeme toka Dar es Salaam hadi Dodoma, ambayo ilianza kuchukua abiria mwaka 2024, kisha tukapanda basi kupitia Manyoni na Itigi.

Baada ya Itigi tulipita katika nyika ambayo watu wa misafara waliiita Mgunda Mkali. Ilikuwa nchi ya kuogopwa kwa sababu ya uchache wa maji. Mpagazi aliyebeba kibuyu chenye ufa alikuwa hatarini kuliko aliyebeba mzigo mzito. Na wazee wetu watakumbuka kuwa Wanyamwezi, ambao ndio waliokuwa wapagazi mashuhuri wa njia ile, walikuja baadaye visiwani kwetu kupalilia mashamba ya mikarafuu. Basi tulipopokelewa kwa "Mwangaluka" hatukujiona wageni.

NYUMBA TULIYOIKUTA

Nyumba ya Bi Mkubwa iko mtaa wa Gongoni. Ina vyumba sita, ua, na mwembe mkubwa. Kuta zake ni za tofali mbichi za udongo, zimepigwa chokaa, na juu kuna bati. Nyumba ya namna hii ina baridi nzuri mchana, na ikitunzwa huishi miaka mingi. Tulikwenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kuiona nyumba ya tembe ambayo Livingstone alikaa hadi Agosti 1872 na ambayo sasa ni makumbusho. Ukitazama kuta nene za udongo kama zile utaelewa siri yake: udongo hustahimili jua, hustahimili miaka, lakini haustahimili maji. Ukuta wa udongo wataka kichwa kikavu na miguu mikavu.

Miguu ya nyumba ya Bi Mkubwa haikuwa mikavu. Ukuta wa jikoni ulikuwa umelowa hadi kimo cha magoti, chokaa imebanduka, na pembeni umefura kama shavu la mwenye jino bovu. Ndani ya ukuta huo limepita bomba la plastiki la kijivu, la kuunganishwa kwa gundi, alilolitia marehemu mumewe zamani. (Wenyeji wa bara huuita mfereji "bomba". Hapa tukisema mfereji ni pale panapotekwa maji, na tukisema bomba ni ile njia yenyewe inayopitisha maji.)

"Wanangu," alituambia Bi Mkubwa, "nimelifunga mara saba. Nikiziba hapa, linatoka pale."

Kwa nini bomba lililokaa kimya miaka mingi lianze kupasuka sasa? Zamani mji wa Tabora ulitegemea hasa maji ya bwawa la Igombe, na siku nyingi maji yalikuwa haba. Mwaka 2021 ulizinduliwa mradi mkubwa, uliojengwa kwa mkopo wa India, wa kuleta maji ya Ziwa Victoria hadi Nzega, Igunga na Tabora. Maji hayo hutekwa Ihelele, katika wilaya ya Misungwi, yakasafishwa, yakasukumwa kuvuka nchi. Ni neema kubwa. Lakini bomba la Bi Mkubwa lilizoea maji ya kuchuruzika, na lilipokutana na maji ya nguvu likashindwa. Maji hayana kosa. Bomba ndilo limezeeka.

Plastiki huzeeka kwa sababu kadhaa. Jua huikausha ikawa kama kijiti. Maji yakija na kukatika, na hewa kuingia, kila yanaporudi huligonga bomba, na kugongwa huko mara elfu huchosha viungo. Udongo hufura masika na kunywea kiangazi, na bomba lililokakamaa haliwezi kufuata. Na maji yanapokatika, ule ufa uliokuwa ukitoa maji sasa hunyonya uchafu wa nje kuingiza ndani. Yanaporudi, wa kwanza kuunywa uchafu huo ni mtoto wa nyumba.

Tena yako mabomba ya zamani ya plastiki ya kijivu ambayo viwandani yalitiwa risasi ili plastiki istahimili joto la kutengenezwa. Ulaya waliacha kabisa kuitumia mwaka 2015. Kwa hivyo mwenye mabomba ya zamani, maji yaliyolala usiku ndani yake asiyanywe. Ayaache yatoke kidogo asubuhi, amwagilie miche.

MITA YASEMA KWELI

Jambo la kwanza tulilolifanya ni kupima. Saa tatu usiku tulifunga mifereji yote tukaandika nambari za mita. Saa kumi na moja alfajiri, kabla mtu yeyote hajatawadha, tuliisoma tena. Ilikuwa imesogea lita 240 katika masaa 8, na hakuna aliyegusa maji.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Lita 240 kwa masaa 8 ni lita 30 kwa saa, lita 720 kwa siku kucha, yaani ndoo 36 za lita 20. Kwa mwezi wa siku 30 ni lita 21,600, karibu uniti 22. Bi Mkubwa alikuwa akinunua uniti 22 kila mwezi kuunywesha ukuta wake. Alipoisikia hesabu hiyo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Na mimi nikiwagombeza wajukuu kwa kuoga sana!"

SHAURI TATU

Shauri la kwanza lilikuwa la mjukuu mkubwa: nyumba ivunjwe, kiwanja kiuzwe. Shauri la pili lilikuwa la fundi mmoja aliyekuja mwanzo: kuta zichimbwe zote, mabomba ya zamani yatolewe, mapya yafukiwe mahali pale pale, kisha kuta zipigwe lipu upya. Gharama aliyoitaja ingemlazimisha Bi Mkubwa kuuza shamba. Naye riziki yake ni asali na karanga, zinazoingia kwa msimu kama karafuu zetu.

Shauri la tatu lilitoka kwa fundi mzee wa mtaa, mwenye kijana wake aliyesomea ufundi wa bomba. Alizunguka nyumba akigonga kuta kwa kidole, akasema: "Shikamoo Bibi. Ukuta huu ukiuchimba, utakuangukia. Bomba la zamani limekufa humo, basi tulizike humo humo. Jipya lipite nje ya ukuta, tulione kwa macho."

Hili ndilo somo tulilolichukua kutoka Tabora. Katika nyumba ya zamani, gharama kubwa si bomba. Gharama kubwa ni kuvunja na kujenga tena. Ukiliacha la zamani lilipo na ukapitisha jipya juu ya ukuta, umeokoa gharama ya kuvunja, ya lipu na ya chokaa, na siku likivuja utaliona asubuhi ile ile, kabla ukuta haujalowa.

Wako watakaosema kwamba bomba la nje halipendezi. Ni kweli. Ukuta ulioanguka nao haupendezi.

Wala shida hii si ya maskini peke yao. Marekani, kuanzia 1978 hadi katikati ya miaka ya 1990, majumba mengi yalitiwa bomba la kijivu la plastiki ya namna nyingine iitwayo polibutilini. Nalo likaanza kupasuka, na mwaka 1995 makampuni yalikubali kulipa fidia ya mamia ya mamilioni ya dola. Na huko pia ilionekana kuwa kuziba tundu moja moja hakufai kitu. Dawa ni kubadilisha.

KAZI KWA MAFUNGU MATATU

Fundi mzee aliigawa kazi mafungu matatu, ili Bi Mkubwa alipe kadiri fedha zinavyoingia, na nyumba isikose maji hata siku moja.

Fungu la kwanza: toka mita hadi tangi. Bomba lililo kabla ya mita si letu kuligusa, wala lakiri ya mita haivunjwi. Kutoka mita kuja ndani ni mali ya mwenye nyumba. Ulichimbwa mtaro wa nusu mita kwenda chini, ukalazwa bomba jeusi lenye herufi HDPE, la milimita 25, linalouzwa kwa roli. Bomba hili ni laini, hufuata udongo unavyocheza, na kwa kuwa lilitoka kipande kimoja toka mita hadi tangi, halikuwa na kiungo hata kimoja chini ya ardhi. Pasipo kiungo hapavuji kwa urahisi. Kabla ya kufukia, maji yalifunguliwa yakakaa siku nzima, nasi tukatembea juu ya mtaro tukikagua.

Tangi la lita 1,000 liliwekwa uani juu ya nguzo za tofali za kuchoma. Hapa twaomba msikilize sana: tangi hilo likijaa lina uzito wa tani moja ya maji. Lisiwekwe kamwe juu ya ukuta wa udongo wala juu ya dari ya nyumba ya zamani. Lisimame peke yake, juu ya msingi wake.

Faida ya tangi si akiba tu. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa nguvu ya kiasi cha baa 1. Tangi lililo kimo cha mita 3 hutoa thuluthi ya baa tu, na maji ya mjini huweza kuwa na nguvu mara nyingi kuliko hiyo. Basi fundi aliyaunganisha mabomba ya zamani na tangi badala ya mita, na hapo hapo kule kuvuja kukapungua, ingawa bomba la ndani lilikuwa bado ni lile lile. Usiku walifunga koki ya tangi, na ukuta ukapata kupumzika. Kwa mtu asiyekuwa na fedha ya kubadilisha nyumba nzima, hili fungu la kwanza peke yake ni nusu ya dawa.

Fungu la pili: jikoni na chooni, mahali penye ukuta uliolowa zaidi. Hapa walitumia bomba lenye herufi PPR, la milimita 20, linalouzwa kwa vipande vya mita 4. Haliunganishwi kwa gundi. Huunganishwa kwa chuma cha umeme chenye moto wa digrii 260: ncha ya bomba na kiungo hutiwa motoni pamoja, zikayeyuka kidogo, zikasukumwa moja ndani ya nyingine bila kuzungushwa, zikawa kitu kimoja. Kwa bomba la milimita 20 ni muda wa sekunde tano tu. Kiungo cha kwanza kiliharibika, na kosa lilikuwa letu: tulimsemesha yule kijana akasahau kuhesabu, plastiki ikayeyuka kupita kiasi ikaziba tundu. Ilibidi kikatwe. Basi fundi wako akiwa anaunganisha, mwache na kazi yake.

Msumari haukai katika ukuta wa udongo. Kwa hivyo walipigilia ubao mwembamba toka mwimo wa mlango hadi mwimo wa dirisha, na bomba likashikizwa kwenye ubao. Pale lilipotoka nje walilipaka rangi, maana PPR nayo huharibiwa na jua. Mwisho ncha za bomba la zamani zilikatwa na kufungwa vifuniko pande zote mbili, ili maji yasibaki yamelala humo yakioza.

Fungu la tatu: mifereji iliyobaki, mmoja mmoja. Hilo lilingoja asali iuzwe.

KUNUNUA KWA PAMOJA

Liko jambo jingine lililotupendeza. Roli la bomba jeusi lilikuwa la mita 100, na Bi Mkubwa alihitaji mita 22. Kununua kwa mita dukani ni ghali kuliko kununua roli zima. Basi majirani watatu walichanga, roli likanunuliwa, kila mmoja akakata haja yake. Kile chuma cha kuunganishia hakikununuliwa, kilikodiwa kwa siku mbili, na kazi ya nyumba tatu ikafanywa kwa kodi moja. Mafundi nao walipunguza ujira kwa kuwa hawakuhama mtaa.

Sisi tulio katika chama twapaswa kuona haya kidogo, maana kushirikiana ndiyo kazi tuliyojipa. Twashauri kila tawi lihesabu wanachama wenye haja ya mabomba, na kila mmoja apime nyumba yake kwa uzi: mita ngapi toka mita ya maji hadi tangi, mita ngapi ndani, mifereji mingapi. Hesabu hiyo ipelekwe kwa wenye maduka wawili au watatu kuulizia bei kabla ya kununua. Mtazame bomba lenyewe: liwe limeandikwa ukubwa wake na nguvu linayoihimili, PN 10 au PN 16 na kuendelea. Bomba lisiloandikwa kitu ni rahisi leo na ghali mwakani.

Na mabaki ya plastiki msiyachome moto uani. Moshi wake ni sumu kwa mchomaji na kwa jirani.

KWETU JE?

Msomaji wa Chake Chake aweza kusema kuwa nyumba yake si ya tofali za udongo. Lakini nyumba zetu nyingi za zamani ni za mawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa. Maji yakipita humo huosha ule udongo pole pole, mawe yakabaki bila mshiko, na ukuta ukatoka tumbo. Unguja mjini ilipata maji ya bomba zamani, wakati wa Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888. Kuleta maji ndani ya nyumba tulijua mapema. Kuyazuia yasile nyumba ndiko tunakojifunza bado.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Bi Mkubwa aliziba ufa mara saba na bado ilimbidi kujenga ukuta. Ile pembe ya jikoni iliyofura haikupona. Ilibomolewa kwa hadhari, ikajengwa upya kwa tofali za kuchoma kabla ya mvua za Novemba. Ufa wa kuzibwa ulikuwa mkubwa kuliko ule tundu mmoja: lilikuwa bomba zima.

Baada ya kurejea nyumbani tulipiga simu kuulizia. Mjukuu yule yule aliyetaka kuivunja nyumba ndiye aliyepokea. Alituambia kwamba fungu la tatu limekwisha, na kwamba yeye ndiye anayesoma mita kila usiku wa Ijumaa na alfajiri yake. Nambari zilikuwa zile zile, hazikusogea hata lita moja.

Basi ndugu wanachama, leo usiku kabla ya kulala fungeni mifereji yote, mwandike nambari za mita, na mzisome tena alfajiri. Atakayekuta zimesogea asingoje msimu upite. Na atakayekuwa na swali au njia nyingine iliyomfaa, atuandikie, nasi tutaichapa kwa faida ya wote.